Jibu: Kwa nini Black Monk Time inawagawa wasikilizaji?

Mkuu, umeuliza kwa nini albamu hii ya bendi ya rock The Monks wengine wanaiita lulu na wengine kelele tupu. Kwangu, wote wamesikia kitu kilekile.

Hawa ni Wamarekani watano waliokuwa wanajeshi Ujerumani, wakamaliza muda wao na kubaki hukohuko wakipiga muziki klabuni. Kampuni ya rekodi Polydor ikaitoa albamu 1966. Utosi wamenyoa kama watawa, nguo nyeusi, kamba shingoni. Watu wamekuja kucheza na wachumba wao, wanakutana na jamaa anafoka kuhusu Vietnam!

Sikiliza hiyo banjo, ala ya nyuzi kama gitaa. Dave Day wa bendi hiyo aliitia maikrofoni ndani, anaicharaza kama anakwaruza bati. Kazi yake ni mdundo tu. Mpiga ngoma naye matoazi kama kayasusa. Nusu saa ya hivyo kichwa kitauma, sikatai. Mimi mara ya kwanza nilizima wimbo wa tatu.

Haikuuza, Marekani haikutoka wakati ule, na 1967 bendi ikavunjika.

Jaribu kuanzia "I Hate You", iko taratibu kidogo. Ila tumia spika kubwa, kwenye simu besi yote inapotea.