Usiamini -22 ya kwenye simu ukilala bondeni Karasjok

Mkuu, kabla hujawasha gari: hapana. Umeuliza mambo matatu, utumie modeli ipi (yaani programu ya kompyuta inayotabiri hali ya hewa), iaminike siku ngapi mbele, na upepo wa Hammerfest, ambao leo tuuache. Lakini kilichonishtua ni pale uliposema unatoka Tromsø kwenda Karasjok, kaskazini kabisa mwa Norwei, simu inaonyesha nyuzi -22 usiku wa Ijumaa, dizeli iliyomo tangu vuli inavumilia -24, na kwa kuwa modeli ni ya kilomita 2.5 basi mambo safi. Hesabu hiyohiyo niliipiga mimi. Nikavutwa hadi mji wa Lakselv, na bili ya gari la kuvuta mke wangu anaikumbuka kuliko tarehe ya harusi yetu.

Sikiliza. AROME-Arctic, ndiyo hiyo modeli ya kilomita 2.5 ya idara ya hali ya hewa ya Norwei, inaikata nchi vipande vya kilomita 2.5, kila kipande na mwinuko mmoja wa wastani. Bonde jembamba la mto likiingia humo linachanganywa na vilima vyake. Kwa modeli umelala kilimani, kumbe uko chini kabisa. Sasa usiku ukiwa mweupe, hakuna wingu wala upepo, hewa ya baridi ambayo ni nzito inateremka na kutuama bondeni kama maji kwenye beseni. Chini panakuwa na baridi kali kuliko juu. Balaa zaidi, zipo programu zikiona uko chini ya mwinuko wa modeli zinakuongezea joto, nyuzi 0.65 hivi kwa kila mita 100, kwa hesabu kwamba ukishuka kuna joto. Usiku huo ni kinyume kabisa! Yr, programu ya hali ya hewa ya Wanorwei, hurekebisha namba kwa vipimo vya majumbani kwa watu, sawa, lakini huko nyikani nyumba unazitafuta kwa tochi.

Mimi niliegesha kando ya mto, eti mandhari. Asubuhi gari likawaka, likasogea kidogo, likazima. Dizeli imetoa nta, chujio limeziba.

Aliyeniponza ni jamaa mmoja wa kazini, bingwa wa kila kitu, aliyeniapia kuwa "hiyo ya kilomita mbili na nusu inaona mpaka uani kwako." Inaona nini! Hata kilima, ili ikichore sawasawa, lazima kitandae vipande kadhaa. Na gari lake yeye linalala ndani, kwenye gereji yenye hita. Nilipompigia nikiwa naganda barabarani akajibu, "Si nilikwambia ni utabiri?" Simu nilikata mimi, vidole vikiwa bado vinafanya kazi.

Kwa hiyo: anga jeupe, upepo hamna, theluji chini, achana na namba ya modeli. Fungua vipimo vya kituo cha bondeni, tazama usiku uliopita kilishuka nyuzi ngapi chini ya utabiri, na tofauti hiyo uipunguze kwenye -22 yako. Karasjok ndiko kulikopimwa -51.4 mwaka 1886, rekodi ya Norwei mpaka leo.

ECMWF, modeli ya kituo cha utabiri cha Ulaya yenye vipande vya kilomita 9, bonde hilo hailioni kabisa, ila AROME-Arctic inaishia saa 66 mbele, kwa hiyo ya wiki ijayo utaitazama kwenye ECMWF hiyohiyo.

Ukipita mji wa Alta jaza dizeli ya majira ya baridi. Halafu utaegesha wapi? Kama ni kwa mwenyeji wako kule karibu na mto, muulize leo kama ana waya wa hita ya injini.