Mtu mzima harushwi kichurachura

Jumanne moja ya mwezi Machi, saa moja na nusu usiku, chini ya mvua ile ya Ayalandi isiyonyesha wala kuacha, wachezaji wangu sita walichelewa mazoezi. Mimi nimekulia Tanga. Shuleni kwetu aliyechelewa namba aliijua dawa yake: kichurachura mpaka goli la upande wa pili, na kurudi. Sikuwarusha kichurachura, nisingethubutu, ila niliwaamuru wazunguke uwanja mara tano. Watano wakaanza kukimbia. Wa sita, fundi bomba, baba wa watoto watatu, aliyetoka kazini moja kwa moja na ovaroli bado mwilini, akanitazama, akaokota begi lake, akaenda kwenye gari. Hakusema neno. Nilimkosa wiki tatu, na ndiye alikuwa beki wetu wa kati.

Nayaandika haya kwa ajili ya ndugu zetu wanaoishi huku ambao watoto wao wameshaingia klabu za mpira wa Kigaeli. Baba ukionekana pembeni ya uwanja mara tatu, mara ya nne unapewa koni uzipange. Mwaka wa pili uko na watoto, wa tatu unaombwa usaidie timu ya wakubwa, ile ya tatu ya klabu, ambayo haina anayeitaka. Ndivyo ilivyonikuta mimi, mtu wa Coastal Union, nikafundisha mchezo ambao sikuwahi kuucheza.

Kwa asiyeujua: wachezaji 15 kila upande, mpira wa duara mzito kidogo kuliko wa soka, milingoti ya herufi H. Ukipitisha juu ya mtambaa panya ni pointi 1, ukitia nyavuni ni goli, sawa na pointi 3, na siku hizi ukipiga kutoka nje ya tao la mita 40 lililochorwa mbele ya goli ukapitisha juu ni pointi 2. Mpira unashikwa kwa mikono, lakini huruhusiwi zaidi ya hatua nne bila kuudundisha au kuugusa kwa mguu urudi mkononi, na kudundisha mara mbili mfululizo ni kosa. Hayo utayajua ndani ya mwezi.

Kitakachokuchukua muda kukielewa ni kwamba hakuna anayelipwa. Si sisi wa timu ya tatu tu. Hata anayecheza fainali Croke Park, Dublin, mbele ya watu zaidi ya 82,000, hana mshahara wa mpira. Hurudishiwa nauli, na wiki inayofuata yuko darasani anafundisha au zizini anakamua. Tena mtu huchezea parokia yake, aliyochezea babu yake. Hakuna dirisha la usajili kama la Simba na Yanga. Sasa kaa ufikiri: huwezi kumkata mtu mshahara asio nao, na ukimfukuza huna wa kumnunua badala yake. Adhabu zote nilizotoka nazo nyumbani zilikuwa zimekwisha nguvu kabla sijazitumia.

Fundi bomba nilimfuata kwake. Nilidhani atanisema. Alinikaribisha chai, akaniambia siku ile alichelewa kwa sababu bomba lilipasuka kwa bibi kizee na maji yalikuwa yamefika sebuleni. "Ungeniuliza," alisema. Basi.

Kuanzia hapo tuliweka kanuni moja ya mahudhurio, na tuliiweka pamoja, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wao wakisema mimi nikiandika: asiyeweza kuja au atakayechelewa atume ujumbe kabla ya saa kumi jioni. Sababu si lazima aitaje. Ng'ombe anazaa, mtoto ana homa, zamu ya usiku hospitali, au kachoka tu, yote sawa. Asiyetuma ujumbe haanzi mechi inayofuata, awe nani.

"Awe nani" ndipo penye shughuli. Mwezi wa tano mfungaji wetu bora alipotea wiki nzima bila ujumbe, Jumapili akatokea na viatu vyake ving'aavyo. Meneja mwenzangu akanitazama, mimi nikatazama mawingu. Tulimweka benchi mpaka mapumziko. Tulifungwa. Ningependa kukuambia kwamba Jumanne iliyofuata watu walijaa, lakini walikuja 11, na yeye hakuwamo. Kilichobadilika kilichukua mwezi: ujumbe ukaanza kuja, hata wa saa tisa na dakika hamsini na nane, na yule bwana alirudi akinuna. Aliendelea kununa msimu wote, akafunga vizuri tu. Si lazima mchezaji akupende.

Sasa aibu yangu mwenyewe. Msimu wa 2025 mchezo huu uliingiziwa kanuni mpya nyingi kwa mkupuo, zilizotungwa na kamati ya Jim Gavin, yule kocha aliyeipa Dublin mataji matano ya Ayalandi mfululizo, 2015 hadi 2019. Mojawapo: filimbi ikishapigwa, mchezaji akibishana na refa, au asipoukabidhi mpira kwa wapinzani, mpira wa adhabu unasogezwa mbele mita 50. Na mpigaji akisogezwa karibu na goli anaruhusiwa kuurudisha mpira nje ya tao ili atafute pointi 2. Nilizisoma kanuni hizo. Nilizitafsiri hata kwa Kiswahili nimweleze mke wangu.

Mechi ya mwezi wa sita tulikuwa mbele kwa pointi 3, zimebaki dakika kumi. Meneja alikuwa na ng'ombe anayezaa, kwa hiyo kizibao chenye neno la Kiayalandi *Bainisteoir*, yaani meneja, nilikivaa mimi, na kichwa kikavimba. Toka dakika ya kwanza nilikuwa namwambia refa anaangalia nini, ana macho au hana. Kiungo wetu, kijana wa miaka 22, akapigiwa filimbi kwa faulo aliyoicheza katikati ya uwanja. Akauchukua mpira akaubutua mpaka kwenye ua wa miti. Mita 50. Wapinzani wakaurudisha nje ya tao, wakapiga: pointi 2. Tukaanzisha kwa papara, tukanyang'anywa, goli. Tukafungwa kwa tofauti ya pointi 2.

Nilikuwa tayari kumsema yule kijana. Kabla sijafungua mdomo, mzee wetu wa daftari, mkulima mstaafu ambaye kazi yake ni kuhesabu tu, alinionyesha ukurasa wake. Adhabu tulizowapa wapinzani siku ile zilikuwa 19. Kati ya hizo, 4 alizichorea mdomo mdogo pembeni. Chini kabisa alikuwa amechora mdomo mkubwa zaidi, na akaandika jina langu.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kijana alifanya nilichokuwa namfundisha tangu saa nane mchana. Wachezaji wanaisikia sauti yako kuliko mpango wako.

Tangu siku ile anayezungumza na refa upande wetu ni nahodha peke yake, naye kwa kuuliza, si kubishana. Mimi nasimama na chupa ya chai ya tangawizi, na kila nikitaka kupiga kelele napiga funda. Wachezaji wa akiba wamegundua, huhesabu mafunda na kunitangazia mwisho wa mechi. Kelele nazopiga sasa ni za aina mbili: jina la mchezaji na neno moja. "Rudi." "Mtu." "Tulia." Zaidi ya hapo haisikiki hata hivyo, kwa upepo wa huku.

Nidhamu ya mdomo ilikuwa rahisi kuliko nidhamu ya mikono. Sisi tuliokulia soka la mchangani tunajua kukaba kwa mguu na kwa kuvuta jezi refa akigeuka. Katika mpira wa Kigaeli unaruhusiwa kumsukuma mtu bega kwa bega, na kuupiga mpira utoke mikononi mwake kwa kiganja kilicho wazi. Kumshika, kumvuta, kumkumbatia, yote ni faulo, na kumwangusha kwa makusudi ni kadi nyeusi, dakika 10 nje. Mtu mzima akichoka hushika. Ni silika.

Dawa tuliyoipata ni mipira ya tenisi. Kila beki anashika mmoja mkono wa kulia na mmoja wa kushoto, kisha anakaba. Hawezi kukamata jezi, mikono imejaa. Inabidi asogeze miguu, akae mbele ya mtu, amzuie njia. Dakika za kwanza wote wanalalamika kwamba haiwezekani kukaba hivyo, na ndicho unachotaka wakione: walikuwa hawakabi, walikuwa wanashika. Fanya dakika 8 kila mazoezi, si zaidi, maana inachosha mapaja vibaya. Mwezi wa nane daftari la mzee lilisema tumetoa adhabu 11 katika mechi nzima. Na siku hizi faulo ya kupunguza mwendo haina faida kama zamani, kwani aliyefanyiwa rafu anaweza kuugusa mpira kwa mguu akaendelea palepale bila kusubiri, na mkabaji haruhusiwi kumkaba katika mita 4 za kwanza.

Kuhusu mbinu nitakuwa mfupi, kwa sababu mbinu zangu nyingi zilikuwa upuuzi. Nilianza kwa kuangalia mechi za zamani za Donegal ya Jim McGuinness, iliyochukua kombe la Sam Maguire, lile la ubingwa wa Ayalandi, mwaka 2012 kwa kurudisha karibu timu nzima nyuma na kisha kutoka mbio kama siafu. Nikanunua ubao wenye sumaku. Nikachora mishale. Wale walikuwa watu waliojengwa miezi mingi kwa kazi hiyo. Wangu walikuwa wamebeba matofali tangu asubuhi. Robo saa ya kwanza walirudi wote, robo saa ya pili walirudi nusu, baada ya hapo alirudi fundi bomba peke yake. Isitoshe kanuni mpya zinataka kila timu ibakize wachezaji wasiopungua 3 katika nusu ya wapinzani, kwa hiyo mishale yangu mingine ilikuwa kinyume cha sheria.

Ubao niliuuza. Tukachagua jambo moja tu la kulifanya vizuri: mpira wa golikipa anapoanzisha. Katika mechi moja unatokea mara ishirini na ushei kila upande, hakuna kitu kingine kinachojirudia hivyo. Golikipa Stephen Cluxton wa Dublin aliugeuza kuwa silaha, akimtafuta mwenzake aliye peke yake karibu. Sasa lazima uvuke tao la mita 40, hivyo wengi huangukia katikati, watu wanarukia, na mara nyingi hakuna anayeudaka. Unapanguliwa, unadondoka. Mechi za kiwango chetu huamuliwa na nani anauokota ule uliodondoka.

Tukawapanga watatu watatu. Mmoja anaruka, hata asipoudaka kazi yake ni kuhakikisha mpinzani hadaki kwa raha. Wa pili anakaa hatua tatu mbele yake, wa tatu hatua tatu nyuma, na hao wawili ni marufuku kuruka. Ugumu wote uko kwenye hilo neno marufuku, maana mpira ukiwa hewani kila mwanamume huku anajiona yeye ndiye. Golikipa ana sehemu tatu za kupiga, na ishara ni rangi ya soksi ya mchezaji atakayeinua mkono kwanza. Kwa kweli ishara hiyo walibuni wenyewe na sikuielewa mpaka Julai. Mechi ya kwanza tuliyoihesabu, mipira yetu tuliyoipata ilikuwa 9 kati ya 21. Mwezi wa nane, 14 kati ya 22.

Mazoezi yenyewe: usiwapange foleni. Mtu ametoka kazini, amekula mkate garini, anasimama nyuma ya watu saba akisubiri zamu ya kupiga kiki moja? Atakuja mara mbili. Mpira mmoja kwa kila watu wawili, michezo midogo ya wanne kwa wanne kwenye eneo finyu, saa moja na dakika kumi, nyumbani. Kupasha misuli tunatumia programu ya GAA15, ambayo shirika la mchezo limeitoa kwa ajili ya kupunguza majeraha ya goti na nyama za paja, na hufanywa uwanjani bila vifaa vya gharama. Mwanzoni wanaionea aibu ile ya kuruka kwa mguu mmoja. Itapita.

Na kama umepewa watoto, mengi niliyosema hapo juu yaweke kando. Mpaka miaka 12 hakuna kombe wala msimamo wa ligi, kila mtoto anacheza, na anayekazania ushindi ni baba wa pembeni. Yawezekana ni wewe. Kabla hujasimama nao utahitaji uhakiki wa polisi, kozi ya ulinzi wa watoto na ile kozi ya msingi ya ukocha. Klabu itakuelekeza, na fomu ya polisi ianze mapema kwa sababu wanauliza kila anwani uliyowahi kuishi. Mimi nilikaa jioni nzima nikimpigia dada yangu simu Tanga anikumbushe namba ya nyumba ya Chumbageni. Mtoto naye mnunulie kinga ya meno, ni lazima kwa kila mchezaji, mazoezini na kwenye mechi. Nunua mbili. Ya kwanza itabaki kwenye suruali na kufuliwa.