Mifupa ya Ziwa Roopkund: ushauri kuhusu somo lako

Ndugu mwalimu, umeuliza kama ni sahihi kuwafundisha wanafunzi wako kwamba watu wote ambao mifupa yao imo katika Ziwa Roopkund, huko Uttarakhand, India, waliuawa na mvua ya mawe kwa siku moja. Nakushauri usiseme hivyo.

Maelezo ya mvua ya mawe yana msingi, kwa kuwa baadhi ya mafuvu yana majeraha ambayo hayakupata kupona, na ziwa liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 5,000, mahali pasipo na pa kujisitiri. Lakini utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 uliivunja dhana ya tukio moja. Kati ya watu 38 waliopimwa, 23 walikuwa na asili ya Asia ya Kusini na walifariki takriban mwaka 800, tena si kwa mkupuo mmoja, ilhali 14 walikuwa na asili ya mashariki mwa Mediterania na walifariki karibu mwaka 1800. Mmoja alikuwa na asili ya Asia ya Kusini-Mashariki. Wale wa kwanza huenda walikuwa mahujaji wa mungu wa kike Nanda Devi, ambaye njia ya hija yake hupita hapo. Hao 14 ndio fumbo lenyewe, na ningewapa muda mwingi zaidi darasani.

Picha za mafuvu zionyeshe kwa staha, na uwaeleze wanafunzi kwamba wageni wanaoihamisha au kuichukua mifupa hiyo huharibu ushahidi.