Usianze na mpingo: nilivyochonga tawi la mwembe wa nyumbani

Mwembe wa nyumbani kwetu Muheza ulikatwa mwaka 2021, mizizi ilipoanza kupasua ukuta wa jiko. Shina likaenda kwa wachoma mkaa, matawi yakawa kuni. Mimi niliwahi magogo mawili madogo na tawi moja nililokataa lisiguswe: tawi la bembea. Kamba tuliyofunga utotoni ilikuwa imekula gome mwaka baada ya mwaka, mti ukajaribu kuifunika, pakabaki kovu, mfereji wa upana wa kidole gumba. Nikapanda basi na mzigo wangu hadi Dar. Kondakta alinitoza nauli yake, kisha akaniuliza kama mjini kuni zimekwisha.

Nilitaka nimchongee mama kitu cha kutundika ukutani. Uzoefu wangu wote ulikuwa mwiko mmoja wa kazi za mikono shuleni, nao ulikuwa umepinda.

Nilianza kwa haraka, na haraka ikanilipa. Yale magogo mawili niliyakata visahani vya mviringo, nikaviweka juu ya kabati chini ya feni. Wiki mbili hazikuisha, kila kimoja kimepasuka kutoka ukingoni hadi kwenye kiini, kama keki iliyomegwa kipande. Fundi seremala wa mtaani kwetu alicheka kwanza, ndipo akanieleza. Mti unapokauka haunywei sawasawa. Kufuata mzunguko wa shina hunywea karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka kiini kwenda kwenye gome. Kisahani chenye kiini katikati hakina pa kukimbilia, lazima kipasuke. Ukipata gogo, lipasue kwa urefu ukitoe kiini chote, kisha zile ncha mbili zipake rangi ya mafuta au nta, maana huko ndiko maji hutoka upesi kuliko ubavuni.

Lile tawi alinipasulia yeye. Akaniachia ubao wa urefu wa sentimita 40, unene wa 5, upande mmoja bapa, upande wa pili mgongo wenye kovu la kamba. Akasema, "Sasa lisahau." Hesabu ya mafundi kwa mbao zinazokaushwa kwa hewa ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Inchi 2, miaka miwili. Nilibandua gome, nikaliweka uvunguni juu ya vijiti ili hewa ipite chini, na kila mwisho wa mwezi nikalipeleka kwa Mangi wa dukani kulipima. Mwanzoni kilo 2 na robo. Likashuka, likashuka, hadi likagoma kwenye kilo 1 na gramu 400, miezi mitatu mfululizo namba ileile. Hapo ndipo unajua mti umekauka, hata kama huna kifaa chochote cha kupimia unyevu. Mangi mpaka leo ananiuliza, "Mtoto hajambo?"

Kagua pia kama mbao inabunguliwa. Ukiona vitundu vidogo na unga laini unadondoka chini yake, usiichanganye na nyingine. Ile michirizi ya kijivu inayoelekea buluu ndani ya mwembe ni kuvu tu, na mbao ikishakauka haiendelei. Binafsi naipenda, imekaa kama wingu.

Watu wengi wakiwaza kuchonga huwaza mpingo, kwa sababu ndio tunaouona kwenye vinyago vya soko la Mwenge, hapa Dar. Mpingo ni mzito hadi unazama majini, na ugumu wake utakukatisha tamaa siku ya kwanza. Waachie wanaoujua. Mwembe, mwarobaini, hata kipande cha mninga kilichobaki kwa seremala vinatosha kabisa kujifunzia, na vingine utapewa bure ukiomba vizuri.

Vifaa nilinunua mtaa wa Gerezani, hapahapa Dar, vya mtumba: patasi bapa mbili, ya milimita 6 na ya 12, na moja yenye makali ya mviringo. Nyundo ya mti nilijitengenezea kwa tawi la mpera. Lakini pesa yako ya kwanza iweke kwenye kinoo. Nina mshono wa nyuzi nne chini ya kidole gumba cha kushoto, na aliyenikata ni patasi butu. Kali inaingia unakoipeleka. Butu unaisukuma, unaisukuma, halafu inachomoka ghafla. Bana mbao kwa jiliwa au klampu, mikono yote miwili ikae nyuma ya makali, na ukiona patasi inateleza juu ya mbao badala ya kula, rudi kwenye kinoo.

Kitu kingine ni nyuzi za mti. Sukuma patasi taratibu: ikitoa ganda refu linalojikunja na kuacha uso unaong'aa, endelea. Ikianza kung'oa vijinyama na kuacha uso wenye manyoya, unakwenda kinyume, geuza mbao uje upande wa pili. Mwembe una tabia ya kubadilisha mwelekeo katikati ya safari, kwa hiyo mimi niligeuza na kugeuza mpaka jirani akauliza kama nachonga au nacheza nayo. Huyohuyo ndiye aliyeniomba nisigonge baada ya Isha.

Nakshi niliyochagua ni mnyororo, ule wa kwenye miimo ya milango ya Unguja, kulia na kushoto kwa kovu. Kovu lenyewe sikuligusa hata kwa msasa. (Msasa, kwa wasiojua, ni jina la mti: majani yake yanakwaruza, na wazee walisugulia mbao kwa hayo.) Kwingine nilipita na karatasi ya msasa namba 80, 120, kisha 240, huku nimefunga pua, maana vumbi la mwembe linawasha.

Usipake mafuta ya kupikia, hayakauki, yatakusanya vumbi tu. Mimi nilitumia mafuta ya kitani, tabaka tatu nyembamba, kila moja nikiifuta baada ya robo saa, halafu nta ya nyuki. Vile vitambaa vya kupakia vitandaze nje vikauke. Ukivikunja na kuvitupa kwenye ndoo vinaweza kujiwasha moto vyenyewe.

Nilimpelekea mwaka 2023. Mama alikigeuza mara mbili bila kusema kitu, akaingiza kidole gumba kwenye kovu, akakipitisha toka mwanzo hadi mwisho. Kisha akapuliza ndani ya ule mnyororo.

"Na vumbi la humu atafuta nani?"