Jibu: Grini zimekuwa njano na maji yanatuama, masika yakaribia

Salaam mkuu. Umeuliza kuhusu grini zenu za Tanga, yaani sehemu za nyasi fupi zenye shimo kwenye uwanja wa gofu: zina mabaka ya njano, maji ya kisima mnayomwagilia yanasimama juu, na mnataka uwanja uwe tayari baada ya masika. Msikimbilie mbolea kwanza. Chukua kisu, kata kipande cha udongo cha kina cha sentimita 10 palipo na baka. Mizizi ikiishia sentimita 3 na chini pakavu, udongo umeshindiliwa. Ukiona ukoko mweupe juu, ni chumvi ya kisima, jambo la kawaida huku pwani.

Dawa ya kwanza ni matundu, na yatobolewe kabla mvua kubwa hazijaanza Machi, ili mvua hiyo hiyo ioshe chumvi kwenda chini. Uma wa bustani unatosha: kina sentimita 10, tundu hadi tundu sentimita 5. Kisha tandaza mchanga wa mto uliochekechwa, unene wa milimita 3. Mita za mraba 100 zinameza takriban toroli 5. Mchanga wa ufukweni hapana kabisa! Mnarudisha chumvi ileile.

Nyasi zikianza kufunga matundu, weka urea nusu kilo kwa mita 100 za mraba, mwagilia papo hapo, rudia baada ya wiki mbili. Ukiweka yote kwa mkupuo, mvua moja inaibeba.

Mashine ya kukata nyasi inolewe: ncha za nyasi zikichanika na kuwa nyeupe, visu ni butu. Umwagiliaji uwe alfajiri, jioni inalea kuvu.

Tuma picha ya hicho kipande.