Maswali ya Wasomaji: Nafasi za Uhadhiri katika Siasa za Kimataifa na Masomo ya Usalama

SWALI: Ndugu Mhariri, nilihitimu shahada ya uzamivu mwaka jana, na tasnifu yangu ilihusu usalama wa wanavijiji wa bonde la Ruvuma tangu mashambulizi ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yalipoanza mwaka 2017. Tangu hapo nimeomba kila nafasi ya mhadhiri wa siasa za kimataifa au masomo ya usalama inayotangazwa Uingereza, lakini sijaitwa kwenye usaili hata mara moja. Barua yangu imeandikwa vizuri, wasifu wangu una kurasa kumi, na vyeti vyote huambatanisha. Je, tuliosoma Afrika tunabaguliwa, au kuna jambo nisilolijua? — Msomaji, Dodoma.

JIBU: Ndugu yangu, siwezi kukuhakikishia kwamba upendeleo haupo, kwa maana jopo la usaili ni watu, na watu huvutiwa na jina la chuo wanachokifahamu. Hata hivyo, maelezo yako yananionyesha jambo lingine ambalo liko ndani ya uwezo wako kulirekebisha. Tangazo la kazi la chuo cha Uingereza huambatana na waraka unaotaja sifa za lazima na sifa za ziada, na wajumbe wa jopo humpima kila mwombaji kwa kufuata waraka huo, sifa moja baada ya nyingine, kwa kuangalia alichokiandika na si kwa kukisia anachoweza kuwa nacho. Mwombaji aliyekaa kimya juu ya sifa mojawapo ya lazima huhesabiwa kuwa hana, hata kama ushahidi wake umo katika cheti alichoambatanisha. Barua nzuri isiyojibu sifa hizo huwekwa kando mapema, na anayeiweka kando huwa hajakosea taratibu.

Chukua sentensi ambayo naiona katika barua nyingi za vijana wetu: “Nina uzoefu mkubwa wa kufundisha siasa za kimataifa na ninaweza kufanya kazi katika mazingira yoyote.” Sentensi hiyo haimpi msomaji chochote cha kupima. Sasa linganisha na hii: “Kwa mihula miwili nilifundisha semina za kozi ya utangulizi wa siasa za kimataifa kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, nikaandaa upya wiki tatu zinazohusu ulinzi wa amani kwa kutumia Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililounda kikosi maalumu cha umoja huo nchini Kongo mwaka 2013, na nikasahihisha insha zao zote.” Msomaji wa sentensi ya pili anajua ulifundisha nini, kwa nani, kwa kutumia nini, na anaweza kuandika alama. Ningependa uipitie barua yako yote kwa jicho hilo, ukiweka waraka wa sifa mezani kando yake.

Wasifu wa kurasa kumi nao haukusaidii. Katika vyuo vyetu tumezoea kuhesabu, kwa hiyo tunajaza warsha, makongamano na vyeti vya mafunzo ya siku mbili. Vyuo vya Uingereza hupimwa na tathmini ya kitaifa ya utafiti, ambayo ilifanyika mwaka 2014 na 2021 na inayofuata imepangwa kwa mwaka 2029, na katika tathmini hiyo uzito uko kwenye ubora wa kila chapisho kuliko wingi wa machapisho. Mkuu wa idara anayeajiri leo anajiuliza ni makala gani utakayokuwa umechapisha kufikia wakati huo. Weka machapisho yako mbele, ueleze kwa sentensi moja hoja ya kila moja, kisha useme ni lipi linakaribia kukamilika na litapelekwa kwenye jarida gani. Mengine mengi yanaweza kuondoka bila hasara.

Nimeacha mwisho jambo ninaloliona kubwa zaidi. Waombaji wengi kutoka kwetu, wakisoma tangazo linalotaja “usalama wa kimataifa,” hudhani kwamba wanatakiwa kuandika juu ya Ukraine au ushindani wa Marekani na China, na hivyo huuacha utafiti wao wenyewe mlangoni. Idara hizo tayari zina watu wa mada hizo. Wewe umefanya utafiti katika eneo ambalo majeshi ya Rwanda yaliingia Julai 2021 kwa makubaliano ya serikali za Rwanda na Msumbiji, na mwezi huohuo kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kikaanza kuwasili kwa utaratibu mwingine kabisa, kikaondoka mwaka 2024 ilhali Warwanda walibaki. Hilo linaibua maswali ambayo taaluma nzima inahangaika nayo: nani ana haki ya kualika jeshi la nje, nani anaulipia ulinzi huo, na mwanakijiji anahesabu usalama kwa kipimo gani. Ukiandika kwamba unafundisha maswali hayo, na kwamba bonde la Ruvuma ndilo linalokupa majibu ambayo hayamo katika vitabu vilivyozoeleka, jopo litakuona kuwa mtaalamu wa siasa za kimataifa na si mtaalamu wa “eneo” tu.

Na usione haya kudai nafasi hiyo. Idara ya kwanza ya siasa za kimataifa duniani ilianzishwa Aberystwyth, Wales, mwaka 1919, kwa fedha za David Davies na dada zake, kwa sababu walionusurika Vita Kuu walitaka kujua namna ya kuzuia nyingine. Mtu aliyekaa na familia zilizovuka mto zikikimbia mauaji anayo haki kamili ya kushiriki katika mjadala ulioanza kwa uchungu wa namna hiyo.

Kwa sasa acha kuomba kila nafasi. Chagua chache, soma orodha ya walimu wa idara husika na kozi wanazofundisha, kisha utaje kwa jina ni kozi zipi ungeweza kuzichukua na ni ipi mpya ungeianzisha.

SWALI: Nimepewa nafasi ya kufundisha masomo ya usalama katika chuo kimoja cha England kwa mkataba wa miezi kumi. Hapa nyumbani nina ajira ya kudumu. Je, niache kazi niende na mume wangu na watoto wetu wawili? — Msomaji, Mombasa.

JIBU: Dada yangu, hongera, lakini usiandike barua ya kuacha kazi. Mkataba wa miezi kumi wa kufundisha kwa kawaida hukupa mzigo mkubwa wa madarasa na muda mdogo sana wa utafiti, na utafiti ndio utakaokupatia nafasi ya kudumu baadaye. Aidha, hali ya vyuo vya huko si njema: mapato kutoka kwa wanafunzi wa kigeni yamepungua, na Januari 2025 Chuo Kikuu cha Cardiff kilitangaza mpango wa kupunguza nafasi 400 za kazi. Usitegemee kwamba mkataba wako utaongezwa kwa sababu tu umefanya kazi vizuri.

Piga hesabu kabla ya kukubali. Ada ya huduma ya afya inayolipwa pamoja na visa ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mtoto kwa mwaka, kwa hiyo familia yenu ya watu wanne italipa pauni 3,622 kabla hamjapanda ndege, na ada za visa zenyewe ni nje ya hapo. Kiulize chuo kwa maandishi kama kitakudhamini visa na ni gharama zipi kitakazorudisha. Mwombe pia mwajiri wako likizo bila malipo. Akikubali, ningekushauri uende, na ikiwezekana uende peke yako, kwa sababu miezi kumi ya kufundisha katika idara ngeni, pamoja na barua ya mdhamini aliyekuona darasani, ina thamani ya kweli. Akikataa, ningebaki.

SWALI: Nina shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa yenye wastani wa 3.6, nami napenda kuwa mwalimu wa masomo ya usalama katika chuo kikuu cha umma hapa Tanzania. Baba yangu ananiambia kazi hiyo ni ya wanajeshi. Nianzie wapi? — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Mwanangu, mheshimu mzee, lakini katika hili si lazima uvae magwanda. Hata Chuo cha Taifa cha Ulinzi cha Kunduchi, kilichofunguliwa mwaka 2012, hupokea maofisa wa kiraia pamoja na wanajeshi.

Kikwazo chako ni wastani. Nafasi ya mkufunzi msaidizi katika vyuo vikuu vya umma kwa kawaida hutaka 3.8 kati ya 5, na ile ya mhadhiri msaidizi hutaka uzamili wenye wastani wa 4.0 juu ya shahada nzuri ya kwanza. Soma kila tangazo kwa makini, kwa kuwa vigezo vinaweza kutofautiana, lakini usipoteze miaka ukisubiri msamaha. Fanya uzamili ukilenga alama za juu, na utazame pia vyuo binafsi pamoja na Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 na serikali za Tanzania na Msumbiji.

Siku utakapoomba kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, hakikisha unavyo vyeti kamili. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, wala matokeo ya muda ya chuo, na ukisoma uzamili nje ya nchi, cheti chako kipitishe TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kihakikiwe mara tu unaporudi, usingoje hadi tangazo litoke.