Maswali yenu kuhusu Chios, kisiwa cha mastika

Safari iliyopita niliitaja Chios kwa sentensi moja tu, maswali yakamiminika. Haya hapa manne.

Mbona kwenye ramani naiona kama imo Uturuki?

Macho yako mazima. Chios ni ya Ugiriki, lakini iko mashariki ya Bahari ya Aegean, na pale mlango wa bahari unapobana, rasi ya Çeşme ya Uturuki iko kilomita kama 7 tu. Ukitoka Athens kwa meli, andaa pa kulala. Ni kisiwa cha tano kwa ukubwa Ugiriki, kilomita za mraba 842. Kaskazini ni milima ya mawe, mkubwa wao Pelinaio wenye mita 1,297. Kusini ni vilima vifupi, na huko ndiko utajiri uliko.

Hiyo mastika ni kitu gani?

Ni utomvu wa mti mfupi wa jamii moja na pistachio. Miti ya namna hiyo imejaa pwani za Mediterania, ila mastika iliyovuma duniani hutoka kusini mwa Chios. Wazee wa huko wanasimulia kwamba Mtakatifu Isidoro alipouawa kwa ajili ya imani yake, miti ililia. Kazi yenyewe haina miujiza. Kiangazi kinapoanza, mkulima hufagia chini ya mti hadi pang'ae, kisha hunyunyiza unga mweupe wa chokaa. Kuanzia Julai huchanja gome vijichanjo vidogo vidogo kwa chuma chenye ncha. Tone hutoka, hudondokea kwenye unga, hukaa siku kumi na kitu mpaka ligande. Baridi ikiingia, familia hukaa na visu vidogo kukwangua uchafu, punje kwa punje. Mti ukikupa gramu 200 kwa mwaka, ushukuru.

Ukiitafuna, kwanza utasikia uchungu, halafu harufu kama ya msonobari. Waarabu huitia kwenye aiskrimu na vitamu vingine, kwa hiyo wenzetu walioko Ghuba huenda wameshaila bila kujua ilikotoka.

Ni kweli kwamba vijiji vyake vimejengwa kama ngome?

Kweli kabisa. Kuanzia 1346 hadi 1566 kisiwa kilishikwa na Wagenoa, watu wa Genoa huko Italia, kupitia Maona, kampuni ya wafanyabiashara iliyohodhi mastika yote. Nenda Mesta uone: nyumba zimeshikana, migongo yake ndiyo ukuta wa kijiji, vichochoro vimefunikwa kwa matao, na maharamia wakija watu walipita juu ya mapaa kuelekea mnara wa katikati. Tunaambiwa ni kinga dhidi ya maharamia. Sawa, lakini kijiji chenye malango mawili matatu hurahisisha pia kumkagua mkulima anayetoka na mfuko, na wezi wa mastika waliadhibiwa kwa kukatwa viungo. Kwa maoni yangu, ukuta ule ulilinda mali kwanza, watu baadaye. Pyrgi, kijiji jirani, kimepambwa kuta zote: plasta ya mchanga mweusi hupakwa chokaa nyeupe, kisha hukwanguliwa maumbo ya kijiometri kabla haijakauka.

Ilikuwaje mwaka 1822?

Machi mwaka huo, wapiganaji wa Kigiriki kutoka Samos walitua kuanzisha uasi dhidi ya Sultani wa Waosmani, waliotawala kisiwa baada ya Wagenoa. Wakuu wengi wa Chios hawakuutaka, kwani biashara yao na Istanbul ilikuwa imenona. Aprili manowari za Sultani zikafika. Makumi ya maelfu waliuawa, wengine makumi ya maelfu wakauzwa utumwani. Katika monasteri ya Nea Moni, iliyojengwa karne ya 11, mafuvu ya waliouawa yamepangwa kabatini hadi leo. Vijiji vya mastika havikuguswa mwanzoni, maana mazao yake yalikuwa mali ya kasri la Sultani. Juni, baharia wa Kigiriki Konstantinos Kanaris akaichoma moto manowari ya Kara Ali, amiri wa Sultani, akafa nayo amiri. Hasira ya Waosmani ikavishukia na vijiji hivyo. Mchoraji Mfaransa Delacroix aliyachora mauaji hayo 1824, na picha iko Louvre, Paris. Kisiwa kiliingia mikononi mwa Ugiriki mwaka 1912.

Na aliyeniuliza kama anaweza kupanda mastika Dodoma: hakuna wa kukuzuia, ila hata kaskazini mwa Chios kwenyewe miti haitoi kama ya kusini, na Ulaya jina la mastika ya Chios linalindwa kisheria tangu 1997.